Juma Moja Katika Darasa la Kwanza: Mtoto Amepata Nini?

Wasomaji wetu wamezoea kupata habari za majengo ya shule: hapa pamewekwa mabati, pale darasa jipya limebarikiwa, mahali pengine hesabu ya watoto imezidi. Habari hizo ni njema, nasi twazifurahia. Lakini nyumba ya shule si shule bado, kama vile chungu si chakula. Yafaa mara moja moja tufunue chungu, tutazame kinachopikwa ndani yake. Kwa hiyo leo twataka kulipima juma moja la masomo, tangu Jumatatu asubuhi hata Jumamosi adhuhuri, katika darasa la kwanza la shule ya msingi ya Kikatoliki kama zilivyo shule za upande wa Kirolirwe, katika nchi ya Bashali, wilaya ya Masisi.

Hatutaji jina la shule wala la mwalimu. Tutakayosema yahusu shule nyingi, wala mtu asitafute jirani yake katika maneno haya. Swali letu ni moja tu: Jumamosi mtoto anaporudi kwa mama yake, amebeba nini kichwani ambacho Jumatatu hakuwa nacho?

SHULE HII NI YA NANI?

Labda msomaji atauliza: Gazeti la Kanisa lina shauri gani na ubao na chaki? Jibu ni fupi. Mwisho wa mwaka 1974 serikali ya Zaire ilizitwaa shule za madhehebu yote. Haikupita miaka mitatu, ikaona kwamba mzigo ni mzito. Tarehe 26 Februari 1977 yakafanyika mapatano: serikali huweka programu ya masomo, hukagua na kulipa mishahara, Kanisa huendesha shule na kusimamia malezi. Kwa mapatano hayo shule zetu huitwa za Kikatoliki hata leo. Basi darasa likifundishwa vizuri, sifa ni yetu pamoja na serikali. Likifundishwa vibaya, hatuwezi kunawa mikono na kusema, "Hayo ni mambo ya Kinshasa."

Tena Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi ya Kikristu la mwaka 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Mwalimu ni msaidizi wao. Kwa hiyo maneno haya si ya walimu peke yao. Baba na mama nao wasikilize.

JUMATATU: DINI

Saa moja na nusu asubuhi milima ya malisho ingali imefunikwa na ukungu. Watoto wafika miguu imelowa umande, wengine wametembea mwendo mrefu, wengine wamekwisha kupeleka ndama malishoni kabla ya kuja. Kengele, ambayo mara nyingi ni chuma cha gurudumu la gari kilichotundikwa, hugongwa. Watoto hupanga mistari, bendera hupandishwa, wimbo wa taifa huimbwa kwa Kifaransa. Kiisha huingia, hufanya ishara ya msalaba, na somo la dini laanza.

Mwalimu asema swali, halafu asema jibu. Watoto walirudia jibu wote pamoja, mara tatu, mara nne, mpaka lipande juu kama wimbo. Mwisho wa somo mwalimu auliza swali lile lile, na darasa zima lajibu bila kukosa neno. Mgeni akipita nje atasema, "Hawa wamejua!"

Hatuwacheki wanaohifadhi maneno. Wazee wetu walihifadhi nasaba za ukoo na habari za kale bila karatasi, na sala tulizojifunza tukiwa wadogo ndizo zinazotujia mdomoni siku ya hatari. Kuhifadhi ni ghala. Kosa ni kudhani kwamba aliye na ufunguo wa ghala amekwisha kula. Jaribu kuuliza swali lile lile kwa maneno mengine, au umwulize mtoto mmoja peke yake aeleze kwa maneno ya nyumbani, na mara nyingi utaona kimya kikubwa.

Walakini mahali pale dawa ipo mlangoni. Katika Injili ya Luka, sura ya 15, Bwana wetu asema habari za kondoo aliyepotea. Ni mtoto gani wa Masisi asiyejua mambo hayo? Mtoto wa miaka saba amekwisha kuona ndama akipotea katika ukungu, amekwisha kusikia baba akiita usiku bondeni, ameona furaha ya nyumba mnyama alipopatikana. Mwalimu akianza na swali, "Ndama wenu akipotea, ni nani huenda kumtafuta, na huwaacha wapi wale wengine?" mikono yote itainuka. Ndipo aeleze habari ya Mchungaji, na mwisho kabisa alete maneno ya kuhifadhi. Maneno yale yale, lakini sasa yana mahali pa kukaa.

JUMANNE: KUSOMA AU KUIMBA?

Kiswahili kimepewa neema moja ambayo Kifaransa hakina: kinaandikwa kama kinavyosemwa. Aliyezijua irabu tano na sauti za herufi chache aweza kusoma neno ambalo hajaliona kamwe. Mtoto wa Kifaransa hana budi kujifunza kwamba herufi nyingine zaandikwa wala hazisemwi. Mtoto wetu hana taabu hiyo. Kwa sababu hiyo kusoma Kiswahili kungeweza kumalizika, kwa msingi wake, katika mwaka wa kwanza.

Basi kwa nini watoto wengi hufika darasa la tatu bila kuweza kusoma mstari mmoja wasioujua? Tazameni somo la Jumanne. Mwalimu ameandika ubaoni: ma, me, mi, mo, mu. Ashika fimbo, agusa silabi moja moja, na darasa laimba: "Ma! Me! Mi! Mo! Mu!" Baada ya dakika chache fimbo haina kazi tena. Sauti za watoto zimeitangulia. Wengine watazama dirishani, wengine watazama mguu wa mwenzao, na bado waimba bila kukosa. Na siku kitabu kinapogawanywa, kimoja kwa watoto wanne au watano, utamwona mmoja amekishika juu chini, naye "asoma" ukurasa wote kwa sauti kubwa.

Mtoto huyo hasemi uongo. Amefanya alivyoagizwa: aliagizwa kurudia, amerudia. Aliyekosa ni yule anayeusikia wimbo na kuuandika katika kitabu chake kwamba somo la kusoma limefanikiwa.

Kupima ni rahisi, wala hakuhitaji mkaguzi kutoka mjini. Mwalimu na arudi nyuma na fimbo yake: mu, ma, mo. Aruke. Aunganishe: mama, mimi, meme. Neno "meme" halina maana, na hilo ndilo lifaalo, kwa sababu halikuhifadhiwa na mtu. Anayelisema amesoma. Anayenyamaza hajasoma bado, naye mwalimu amejua leo, si mwisho wa mwaka.

Twakubali kwamba kuimba pamoja kuna faida yake. Mtoto mwenye haya hupata ujasiri katika sauti ya wenzake, na asubuhi ya baridi wimbo huamsha usingizi. Dakika tano za kwanza ziwe za wimbo. Lakini somo zima likiwa wimbo, wenye kujua na wasiojua hufanana, na wasiojua ndio wanaopotea.

JUMATANO: HESABU

Hapa twaona ajabu kubwa kuliko zote. Mtoto yule yule ambaye siku ya soko huketi karibu na mama yake, akiuza viazi au maharagwe, akipokea noti na kurudisha chenji bila kudanganywa, Jumatano asimama mbele ya ubao, aulizwa tano na tatu ni ngapi, naye anyamaza na kutazama chini. Mwalimu asema, "Huyu hana akili ya hesabu." Mama yake akisikia atacheka.

Mtoto hakukosa hesabu. Amekosa daraja la kuunganisha hesabu ya sokoni na hesabu ya ubaoni. Alama ya kujumlisha haijawahi kuonana na viazi. Katika nchi ya maziwa na jibini kama Masisi, ambapo watu hubeba maziwa katika madumu na kuyapima kwa lita, mwalimu hana haja ya kutafuta vifaa vya Ulaya. Mbegu za maharagwe, vijiti, vizibo vya chupa, mawe madogo ya njiani: vyote hivyo havinunuliwi. Watoto wapange mbegu tano, wapange tatu, wasogeze pamoja, wahesabu; kiisha mwalimu aandike ubaoni kile walichofanya kwa mikono yao. Mpango usigeuzwe. Mkono kwanza, alama baadaye.

Tusisahau mvua. Katika milima ile mvua hunyesha sana, na chini ya mabati hakuna anayemsikia mwenziwe. Mwalimu hunyamaza, watoto hukaa, na nusu saa hupotea. Lakini mbegu za maharagwe hazihitaji sauti. Mwalimu aliyezoeza darasa lake kupanga mbegu kwa kuonyeshwa vidole aweza kufundisha katika mvua. Anayefundisha kwa kupaza sauti peke yake hana budi kungoja jua.

ALHAMISI: LUGHA

Somo la lugha ndilo gumu kuliko yote, na hapa twaomba msomaji atuvumilie.

Upande wa Kirolirwe mtoto mmoja hutoka nyumba ya Kihunde, mwingine nyumba ya Kinyarwanda. Wakikutana mchezoni husema Kiswahili, lakini ni Kiswahili cha Kivu: "batoto", "bitabu", "muntu". Wakiingia darasani wakuta katika kitabu: "watoto", "vitabu", "mtu". Na juu ya hayo Kifaransa chaanza kubisha hodi. Nacho ndicho kitakachoshika masomo ya madarasa ya juu na mtihani wa mwisho wa darasa la sita. Kwa hiyo mtoto wa miaka sita apanda ngazi tatu, na kila ngazi ina majina mapya ya vitu vile vile.

Sasa tazameni imla ndogo ya Alhamisi. Mwalimu asoma: "Mtoto analala." Mtoto wa Kinyarwanda aandika: "Mutoto anarara." Apewa alama nyekundu mbili, pengine na kicheko cha darasa. Lakini mtoto huyu amefanya kazi njema sana! Amesikia sentensi, ameigawanya katika sauti, na kwa kila sauti ameweka herufi. Hiyo ndiyo elimu yenyewe ya kuandika. Katika lugha ya mama yake l na r hazitengani kama katika Kiswahili, na "mu" ndivyo watu wote wa soko wasemavyo. Mwalimu mwenye busara atasema kwanza, "Umesikia vizuri," halafu ataonyesha namna kitabu kinavyoandika, na kueleza kwa nini. Mwalimu mwenye haraka hutia wekundu na kupita. Wa kwanza amemfundisha mtoto kuandika. Wa pili amemfundisha kunyamaza.

Kanisa lina walimu wa zamani katika jambo hili. Mtakatifu Yohane Mbatizaji de La Salle, aliyefariki mwaka 1719, aliona kwamba watoto maskini wa Ufaransa hufundishwa kwanza kusoma Kilatini, lugha wasiyoijua, na kwamba huacha shule kabla ya kuweza kusoma lolote. Akageuza mpango: waanze na Kifaransa, lugha ya mama zao. Watu walimshangaa, lakini watoto walisoma. Mwaka 1950 Papa Pius XII alimweka kuwa msimamizi wa walimu wote. Vilevile Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliwaagiza wamisionari wake wajifunze kwa bidii lugha ya watu waliotumwa kwao, wasiwangoje watu wajifunze yao.

Serikali nazo zimesema hayo hayo kwa nyakati mbalimbali. Programu ya Wabelgiji ya mwaka 1929 iliweka lugha za watu wa nchi katika madarasa ya mwanzo. Baada ya uhuru wa 1960 Kifaransa kikapewa nafasi tangu darasa la kwanza, na baadaye mambo yakageuka tena. Katiba ya mwaka 2006 yataja lugha nne za taifa, Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba, na sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 yazipa lugha za taifa na lugha za mahali kazi ya kufundishia. Karatasi basi zipo. Linalobaki ni darasa.

Twajua wazazi wengi watakuja juu. "Sisi twataka Kifaransa! Kiswahili mtoto anakijua." Twawaheshimu, kwa sababu wameona kwamba asiyejua Kifaransa hapati kazi ya ofisi. Lakini tuwaulize: Mtu hujifunza kuogelea mara ngapi? Mara moja. Akijua katika kijito, atajua katika ziwa Kivu pia. Na kusoma ni hivyo. Mtoto aliyejua kusoma katika lugha anayoielewa atahamisha ujuzi huo katika Kifaransa. Aliyeanza kwa kusoma asiyoyaelewa atapata sauti bila maana, na desturi hiyo mbaya itamfuata hata sekondari.

IJUMAA: KAZI ZA MIKONO

Ijumaa, au siku nyingine kwa kadiri ya ratiba, kuna kazi za mikono. Misheni zetu zilizipenda tangu mwanzo, nazo hazikukosea. Mtu asiyejua kutumia mikono yake ni nusu mtu, na Bwana wetu mwenyewe alijulikana kuwa mwana wa seremala.

Lakini tuangalie kazi hizo zimekuwa nini. Mara nyingi ni kuteka maji, kufyeka majani, kubeba mawe, na pengine kupalilia shamba ambalo mavuno yake watoto hawayaoni. Tena aliyechelewa au aliyekosa imla hupewa kazi hizo kama adhabu. Angalieni matunda yake: juma zima twawahubiria watoto kwamba kazi ina heshima, na Ijumaa twawaonyesha kwamba kazi ni kiboko. Mtoto huamini aonacho.

Kitalu kidogo cha kabeji nyuma ya darasa, ambapo watoto hupima urefu wa tuta kwa hatua, huhesabu miche, huandika jina la mmea katika kibao, na siku ya mavuno hupeleka kitu nyumbani: hiyo ndiyo kazi ya mikono iliyo pia hesabu, kusoma na maadili. Tuta moja hutosha.

JUMAMOSI: KUPIMA MZIGO

Jumamosi ni siku fupi. Watoto hufagia, mwalimu hukamilisha kitabu cha mahudhurio, na kwaheri. Tupime basi mzigo wa mtoto. Katika juma zima amesema maneno mengi sana, lakini karibu yote ni ya mwalimu. Amejibu maswali mengi, lakini karibu yote pamoja na wenzake wote. Ameandika mistari kadhaa, lakini ameinakili kutoka ubaoni. Kwa siku sita hakuna aliyemsikia yeye mwenyewe, peke yake, akisoma neno moja ambalo hakuliona kabla. Hilo ndilo kosa kubwa tunalolisema, na mengine yote hutoka kwake.

TUMTETEE MWALIMU

Ingekuwa dhuluma kuishia hapo. Tangu Septemba 2019 serikali ilipoanza kutekeleza kifungu cha 43 cha Katiba, kinachosema kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya bure, madarasa ya kwanza yalijaa. Hilo ni jambo la haki, nasi hatutaki kurudi nyuma. Zamani mtoto wa maskini alifukuzwa katikati ya somo kwa sababu baba hajatoa fedha za mwezi, na wa kwanza kufukuzwa alikuwa mara nyingi msichana. Lakini watoto waliongezeka, na vyumba, vitabu na madawati havikuongezeka kwa kadiri hiyo. Wazazi waliambiwa waache kutoa fedha za kumtunza mwalimu. Na walimu wengi wa mashuleni, hasa wale ambao majina yao hayajaingizwa katika orodha ya serikali, walibaki bila mshahara wowote. Mtu anayefundisha watoto sabini au tisini, tumbo likiwa tupu, kisha jioni akalime ili wake wapate kula, huyo tusimwambie, "Jitahidi," tukaenda zetu.

Tena wimbo wa darasa una sababu yake. Watoto tisini hawawezi kusemeshwa mmoja mmoja saa nzima. Mwalimu huimbisha kwa sababu akiacha kuimbisha darasa litakuwa soko. Kwa hiyo tukitaka aache desturi hiyo, lazima tumpe nyingine inayowezekana katika chumba kile kile, na watoto wale wale, na mshahara ule ule. La sivyo maneno yetu ni upepo.

MAMBO MATATU YANAYOWEZEKANA

Kwanza, dakika moja ya kila mtoto. Tufanye hesabu. Darasa lina watoto 60 na juma lina siku 6. Kila siku watoto 10 wasome peke yao, kila mmoja dakika moja, silabi au maneno yaliyochanganywa. Hizo ni dakika 10 tu kwa siku, na Jumamosi kila mtoto amesikiwa mara moja. Wakiwa 90, watakuwa 15 kwa siku, nazo ni dakika 15. Wakati huo wengine wanakili mstari au wapange mbegu. Mwalimu aandike alama moja tu mbele ya jina: amesoma, au bado. Baada ya mwezi atawajua wasiosoma kwa majina, jambo ambalo mtihani wa mwisho wa mwaka humwambia kwa kuchelewa mno.

Pili, neno la nyumbani kwanza. Katika kila somo mwalimu aanze na kile mtoto anachokijua kwa lugha anayoijua: ndama, dumu la maziwa, soko, ukungu. Asipojua Kihunde au Kinyarwanda, amwombe mtoto mmoja awatafsirie wenzake. Atapata msaidizi, na mtoto atapata heshima.

Tatu, swali la jioni. Hili ni la wazazi, hata wasiojua kusoma. Wasimwulize mtoto, "Umepata pointi ngapi?" Wamwulize, "Leo umesoma neno gani? Hebu liandike." Mtoto aandike kwa kijiti mavumbini au kwa mkaa juu ya kigae, na amweleze mama yake. Mama asiyejua herufi ataona mwenyewe kama mkono wa mwanawe wasita au la. Na parokia isaidie: jumuiya za Kikristu zinazokusanya matoleo kwa ajili ya kanisa zaweza kumkumbuka pia mwalimu asiyelipwa, kwa viazi, kwa maharagwe, kwa siku moja ya kumlimia.

KWA NINI HALINGOJI

Msomaji wa mahali penye amani aweza kusema: Polepole ndio mwendo, asiyesoma mwaka huu atasoma mwaka ujao. Lakini Kirolirwe si mahali pa kusema hivyo. Mwaka 1996 watawa wa monasteri ya Mokoto, upande wa Kitshanga, walifukuzwa na mashambulio, na watu waliokimbilia kwao waliuawa. Miaka ya 2007 na 2008 jina la Kirolirwe lilisikika redioni kwa sababu ya wanajeshi wa CNDP waliokuwa pale. Mwezi wa Januari 2023 M23 walitwaa Kitshanga, na watu wengi sana wa njia ile ya Sake walikimbilia kambi za kando ya Goma. Januari 2025 Goma yenyewe ikatwaliwa. Katika miaka hiyo yote shule zilifungwa, zikafunguliwa, zikakaliwa na wakimbizi, zikafungwa tena.

Mtoto wa mahali kama hapo hajui ana majuma mangapi ya shule. Siku ya kukimbia mama huchukua mtoto mgongoni, sufuria na blanketi. Madaftari hubaki, mabati hung'olewa, madawati huwa kuni. Wimbo wa ma-me-mi-mo-mu nao hubaki, kwa sababu wimbo ule wahitaji darasa zima, na darasa limetawanyika. Lakini mtoto aliyejua kusoma kweli, hata kama ni maneno mafupi tu, amekimbia na kusoma kwake. Kambini atasoma maandishi ya gunia la unga, atasoma jina lake katika orodha, atamsomea bibi yake Injili. Hakuna askari wa kumnyang'anya.

Kwa hiyo, walimu wapenzi, hatuwadai shule kama za Ulaya. Twawaomba dakika moja kwa kila mtoto, kila juma, tangu Jumatatu ijayo. Nanyi wazazi, ulizeni jioni. Nanyi mapadri na wakuu wa shule, mnapolitembelea darasa, msitosheke na wimbo mzuri wa kuwakaribisha. Chagueni mtoto mmoja wa nyuma, yule aliyejificha, mwandikieni neno ambalo hajaliona, mkangoje kwa upole mpaka alisome.